Gari Lililotega Masikio

Katika bonde lote hili la Msinga hakuna mwanamke jasiri kama mimi. Nimeua nyoka kwa mwiko, nimemfukuza mwizi wa mbuzi kwa maneno matupu, na radi ikipiga mimi huendelea kusuka mkeka wangu. Basi jioni ile gari la mwanangu liliponikonyeza, na ndani hamna mtu, nilikimbia nikaacha kiatu kimoja uani. Cha pili tulikikuta kesho yake kwenye maboga ya jirani.

Mwanangu huyo ni Mfaniseni. Alifanya kazi jijini Joburg miaka mingi, na mimi nilibaki hapa nikimlea binti yake, Khethiwe, ambaye mama yake alishatutoka. Khethiwe alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi aliwafungulia mbuzi, akasukuma toroli la madumu hadi mtoni, akarudi kula ugali wa chenga na maziwa mgando, kisha akaenda shule. Shule iko mbali, ng'ambo ya mto, na siku za mvua watoto huvuka wakiwa wamebeba viatu vichwani.

Kila Desemba baba yake alikuja na mifuko. Kila Januari aliondoka kabla jogoo hajawika, kwa sababu hakuweza kumtazama mtoto akilia. Khethiwe aliamka akakuta alama za matairi tu. Siku hiyo hakula, na mimi sikumlazimisha.

Desemba hiyo Mfaniseni hakuja kwa basi. Alikuja na gari, tena gari lenyewe: rangi ya majivu, viti vinane, pua yake inafika kidevuni mwa Khethiwe.

"Mama, ni la mkononi," akasema, akilipapasa kama fahali wa mahari. "Lakini lina afya."

"Hata mimi ni wa mkononi," nikamwambia. "Lete tulione."

Kwetu gari haliingii nyumbani kimyakimya kama paka. Mfaniseni alilisimamisha mbele ya mlango wa zizi la ng'ombe, ambako wafu wetu hutusikia. Nikachoma majani ya kufukiza, nikamwaga pombe ya mtama kwenye magurudumu, nikawaambia marehemu mume wangu na baba zake: huyu ni mgeni wenu, atambeba mtoto wenu, msimwangushe. Ng'ombe wakatazama wakitafuna. Tukaona mambo yamekwisha.

Usiku huo Mfaniseni alininong'oneza jikoni. Kiwanda chake kilikuwa kimefungwa. Malipo yake ya mwisho yote alikuwa ameyatia kwenye gari lile. Alitaka kubaki nyumbani moja kwa moja na kuwapeleka watoto shule kwa malipo, na MaMajozi, jirani yetu, alikuwa ameshakubali kuwaandikisha wanawe wawili.

"Ila usimwambie Khethiwe," akasema. "Nimemwahidi kubaki mara mbili nikavunja. Safari hii ajue gari likishaanza kazi."

Nikafunga mdomo. Kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kulima.

Siku ya pili asubuhi Mfaniseni alikuwa akitafuta ufunguo. Muuzaji alikuwa amempa miwili. Mmoja ulikuwa pale pale msumarini nyuma ya mlango, lakini wa akiba hakuuona.

"Khethi, hujauona?"

"Hapana, baba," akasema Khethiwe, akiangalia mbuzi.

"Zenzele?"

Zenzele ni kitindamimba wangu. Ana miaka thelathini na ulimi wa miaka mia. "Kaka, waulize mbuzi," akajibu. "Wale hula hata kamba za viatu."

Mfaniseni akadhani ameuangusha njiani pale alipojaza mafuta. Ukaachwa.

Jioni hiyo ndipo nilipopoteza viatu. Nilikuwa natoka kuwafungia kuku, Khethiwe akinifuata na mzigo wa kuni. Uwanja ulikuwa kimya, wala upepo haukuwapo. Tulipolikaribia gari, taa zake zikafunguka polepole, kama macho ya mtu aliyekuwa amejifanya amelala. Vioo vyake viwili vya pembeni, vilivyokuwa vimekunjwa, vikajikunjua. Gari lilitega masikio. Ndani pakawaka mwanga hafifu, ukavionyesha viti vinane vitupu, vyote vikitutazama. Ufunguo wa Mfaniseni ulikuwa msumarini. Mfaniseni mwenyewe alikuwa mtoni anaoga.

Nilipofika jikoni, baada ya kuzunguka kwenye maboga ya jirani, Khethiwe alikuwa bado amesimama palepale, kuni zimemwagika miguuni.

Tangu hapo gari halikutupa raha. Jumapili mchana, saa ile ya jua kali ambapo hata mbwa hawabweki, nilimwona Khethiwe kupitia dirishani akiwapelekea kuku pumba. Akapita karibu na gari. Masikio yakafunguka. Mtoto akarudi nyuma, masikio yakabaki wazi. Akasimama pale juani, midomo yake ikitembea, kama anamjibu mtu aliye ndani.

Jumatatu Mfaniseni alitaka kumpeleka dukani. Mwanangu ni mfupi, amerithi kwangu, na huendesha akiwa ameusogelea usukani kama anataka kuunusa. Khethiwe akaja kusimama kando yake, akavuta mlango. Kabla hawajapanda, kiti cha dereva kikaanza kwenda nyuma chenyewe. Kilikwenda polepole, kikinguruma chini kwa chini, mpaka mwisho. Usukani ukainuka. Kioo cha juu kikajipinda kidogo. Kila kitu kilijipanga kumpisha mtu mrefu sana, na mtu huyo hatukumwona akipanda.

"Baba," Khethiwe akasema kwa sauti ndogo, "nani anaingia?"

Mfaniseni akaurudishia mlango. Dukani walikwenda kwa miguu.

Siku ya tatu yake alilipeleka kwa fundi mjini, peke yake. Fundi akalichunguza mchana kutwa, na gari likatulia kama kondoo. "Halina ugonjwa," fundi akasema. Maneno hayo yalitutisha kuliko kama angesema limeoza.

Hapo Zenzele akapata kazi, kazi yake ya kwanza mwaka ule: kueleza.

"Mama, tumelitambulisha gari kwa wafu wetu, sawa. Lakini wafu wa gari je? Nani aliwauliza? Mwenye gari alikufa, nawaambia. Nimemwona kwa macho yangu. Mzee mrefu, kofia imegusa dari. Nikamwambia, 'Shikamoo baba.' Akaitikia kwa sauti ya kutoka shimoni. Akaniuliza, 'Kijana, njia ya kurudi kwangu ni ipi?'"

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nikamwonyesha kwa kidole. Heshima ni heshima."

Hadithi hiyo Zenzele aliipeleka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alipewa kibuyu cha pombe. Mzee akawa anaongezeka urefu kila kibuyu. Ijumaa MaMajozi akaja, akasimama nje ya ua, hakutaka kuingia.

"Mfaniseni, mwanangu, usinichukie," akasema. "Wanangu wataendelea kuvuka mto. Mto tunaujua."

Na wazazi wengine wakajitoa hivyo hivyo. Jioni Mfaniseni akaniambia atalirudisha gari Jumatatu, apokee hasara, kisha atafute kibarua Joburg. Alisema hivyo akiutazama moto. Nyuma ya mlango nilisikia nyayo ndogo zikiondoka.

Usiku huo Khethiwe hakugusa chakula. Nikaona mkono wake hautoki kifuani.

Sasa, mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini ng'ombe nawajua. Ng'ombe mwenye ndama halii ovyo. Hulia ndama wake anapokaribia. Kesho yake nikachukua mkeka wangu, nikakaa mahali ninapoliona gari, nikasuka. Zenzele akapita akiimba: gari kimya. Mbuzi akajikuna kwenye bampa: kimya. Jogoo akapanda juu ya paa akafanya mambo yake: kimya. Khethiwe akaenda mtoni, na muda wote aliokuwa mtoni gari lililala kama jiwe. Akarudi na toroli, akalipitia kwa mbali, ameinamisha kichwa. Njia ikambana karibu na zizi. Masikio hayo, yakafunguka.

Nikakumbuka kuni zilizomwagika nyuma yangu, na mkono ulioushika mlango.

Alasiri nikawaita wote mbele ya zizi, na MaMajozi nikamvuta kwa kumwahidi mbegu za maboga.

"Gari litatambulishwa upya," nikasema. "Safari hii lenyewe litatutambua sisi. Kila mtu apite mbele ya pua yake, alitaje jina lake. Mfaniseni, ufunguo wako upo wapi?"

"Msumarini."

"Ubaki huko."

Mawingu yalikuwa yamejaa juu ya vilima na mwanga umekuwa wa njano, ule wa kabla ya mvua, ambao hufanya uso wa mtu uonekane wa mtu mwingine. Nikapita mimi kwanza. Magoti yaliniambia tukimbie, nikayakatalia. Kimya. Akapita Mfaniseni. Kimya. Zenzele akapita kwa mbwembwe, akavua kofia kumsalimu mzee wake. Kimya. MaMajozi akapita amefumba macho, akataja jina lake na majina ya ukoo wake wote mpaka nikamwambia inatosha. Gari halikutikisika.

Akabaki Khethiwe.

"Bibi, tumbo linaniuma."

"Litapona ukishapita. Una kitu chochote cha gari hili?"

"Sina, bibi."

Akapiga hatua moja, akasimama. Akapiga ya pili. Taa zikafumbuka, zikammulika kifuani. Masikio yakajikunjua, kushoto na kulia, taratibu, na mwanga ukawaka ndani juu ya viti vitupu. MaMajozi akanikamata mkono mpaka leo alama ipo. Mtoto akaingiza mkono ndani ya blauzi, akatoa kifuko alichokuwa amekifunga shingoni. Ndani yake ulikuwemo ufunguo wa akiba.

"Niliuchukua siku ya kwanza, wakati wa kushusha mizigo," akasema, machozi yakimtoka. "Nilifikiri upo huo mmoja. Nilifikiri baba hataweza kuondoka tukiwa tumelala. Halafu niliogopa kusema. Halafu yule mzee akawa ananifungulia macho kila nikipita. Anajua, bibi. Anajua nimedanganya."

Mfaniseni akaketi chini kwenye vumbi, na suruali yake nzuri. Akauchukua ufunguo, akaugeuzageuza.

"Huu ulikuwa wa mwenye gari wa zamani," akasema polepole. "Gari linausikia ukikaribia, hata ukiwa mfukoni. Linamfungulia taa na kumpangia kiti kwa kimo chake. Mimi nilijua wangu unafanya hivyo. Huu nilijua uko barabarani, umepotea." Akamvuta mtoto. "Khethi, siondoki. Kazi imekwisha huko. Nilirudi nibaki. Nilinunua gari niwapeleke shule, wewe na wenzako."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mwanangu akaugeuza tena ufunguo kiganjani, nami nikaangalia vilima, maana nilikuwa na sehemu yangu.

Nikamshika Khethiwe bega. "Mjukuu wangu, sikia, na baba yako asikie pia. Uliuficha ufunguo ili baba asiondoke, na kuuficha huko ndiko kulikokuwa kunamfukuza. Ungesema siku ile ya pili, ungegombezwa kabla ya chai, na mchana ungekuwa umeshasamehewa. Badala yake umeubeba shingoni wiki nzima, umekonda, umeshindwa hata kupita uani kwenu. Uongo ukiufuga hauli mwingine, hukula wewe. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo." Kisha nikamgeukia Mfaniseni. "Na mtoto ukimnyima ukweli, atajitengenezea wake."

Akaitikia kwa kichwa. Khethiwe akafuta uso kwa mkono wa blauzi, na kwa mara ya kwanza wiki ile akauliza kama kuna chakula.

Lakini MaMajozi alikuwa hajatosheka. "Ya ufunguo nimeyaelewa," akasema. "Na mzee wa kofia je? Mwenye gari alikufa, na Zenzele aliongea naye. Wanangu hawakai na maiti kiti kimoja."

"Alikuwa pale," Zenzele akasema, akionyesha kiti cha dereva. "Mambo ya ufunguo ni mambo ya ufunguo. Mzee ni mzee. Ndevu nyeupe, hivi."

Nikaona uso wa Mfaniseni unarudi kule kwenye hasara na kibarua. Nikamwambia, "Aliyekuuzia si ana simu? Mpigie. Iweke tusikie wote."

Simu ikaita. Muuzaji akapokea, kelele za mji nyuma yake. Mfaniseni akamsalimu, akamuuliza mwenye gari wa kwanza alikuwa nani, na alikufaje.

"Kufa?" yule mtu akacheka. "Nani kafa? Ni mwalimu mmoja wa netiboli, mama mrefu kama mlingoti. Wanawe wamekua, ndiyo maana aliuza. Juzi tu alikuwa hapa, anatafuta gari dogo."

Simu ikakatika. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kugonga paa la gari. MaMajozi, Mfaniseni, Khethiwe na mimi tukageuka, bila kuambizana, tukamtazama Zenzele.

Zenzele alijikuna shingo.

"Kumbe ndiyo maana," akasema, "ile kofia ilikuwa na maua."