Sauti Upande wa Mafungu

Jua lilikuwa linazama Nyan Lin alipokiona kisiwa kidogo katikati ya mto Chindwin. Alikuwa ameshika usukani tangu alfajiri, mashua imejaa mitungi ya udongo ya kupeleka Monywa.

Kila masika mto ule huhamisha mchanga wake, lakini kisiwa hakihami. Ndicho kinachowaonyesha marubani njia: kiweke kulia kwako, utapita kwenye kina. Upande wa pili ni mafungu ya mchanga matupu.

"Leo pitia huku kwingine, shemeji," Tun Wai alimwambia kutoka omoni, mbele ya mashua. "Jana nilikuja na mtumbwi nikapima. Maji yamehama."

"Ulikuja kupima au kulala?"

"Wewe endesha, mzee. Kina niachie mimi."

Nyan Lin akacheka. Tun Wai alikuwa mume wa dada yake, Thuzar, na kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyesimama omoni na upondo, ule mti mrefu wa kupimia maji, akimtajia kina kwa pima, kila moja urefu wa mtu. Hakuwahi kukosea. Akageuza usukani.

"Pima tatu!" Tun Wai akaita.

Pepo mwenye kisiwa hutupiwa nazi na ndizi kabla ya kupita. Tun Wai alisema ameshampa chake jana.

"Pima tatu!"

Maji yalikuwa kimya... kimya mno. Ikaja harufu ya asumini, na nyuma yake harufu ya wali uliochacha. Ndipo Nyan Lin akauona mti wa ukingoni. Kwenye shina palifungwa nguo, imekazwa kwa kamba kama mbuzi. Msuli wa kijani, wenye tundu la sigara.

Ulikuwa wake.

Ulipotea wiki tatu zilizopita, kwenye kamba ya nguo nyumbani kwa Thuzar.

"Pima tatu..." Sauti ya Tun Wai ilitetemeka.

Nyan Lin akautazama upondo. Ulikuwa umelowa kiasi cha goti tu.

Mashua ikakwaruza mchanga. Ikasimama.

"Shemeji... umefanya nini?"

Tun Wai hakugeuka. Na kisiwani ikatoka sauti ya mwanamke, ya upole, kama mtu anayekuita uje ule.

"Nyan Lin..."



"Itika," Tun Wai akanong'ona. Alikuwa analia. "Mara moja tu. Mwanangu huu mwezi wa saba hainuki kitandani. Mwenye kisiwa anataka mtu wa damu ya mtoto."

"Na wewe si damu yake?"

"Mimi nina watoto. Wewe huna. Itika, shemeji, nakuomba."

"Nyan Lin..."

Sasa ilikuwa karibu, pale pale kwenye ubavu wa mashua. Nyan Lin akauma mkono wake mpaka akaonja damu. Woga alikuwa nao, lakini kilichomchoma zaidi ni zile sahani za wali walizokula pamoja, miaka yote ile.

"Nyan Lin..."

Hakuitika.

Sauti ikacheka kidogo.

"Tun Wai..."

"Naam," akajibu Tun Wai.

Labda ulimi ulimponyoka. Labda aliona hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Nyan Lin hajui mpaka leo. Alipopepesa macho, omo ilikuwa tupu. Maji hayakuruka. Upondo ulisimama peke yake mchangani.

Fundi wa mashine, aliyekuwa chini kwenye injini tangu alfajiri, akapanda juu, anafuta mikono. "Mbona tumekwama huku? Tun Wai yuko wapi?"

Yeye hakusikia mtu akiita. Walishuka wakatafuta mpaka giza. Maji hayakufika kiunoni popote, na hawakupata hata kandambili.

Siku ya tatu Nyan Lin akafika kwa dada yake. Njia nzima alijiambia Thuzar hajui kitu, ule msuli uliibwa tu kwenye kamba.

Yule mtoto aliyekuwa mgonjwa alikuwa jikoni, amekaa mwenyewe, anakula wali na kudai aongezewe.

Thuzar akatokeza mlangoni. Akatazama nyuma ya kaka yake, njiani. Akatazama tena. Uso ukamshuka.

"Umerudi wewe?" akauliza.