Unga wa Kijapani Kwenye Chupa ya Chai

Séraphine alikuwa akisafisha ofisi huko Kista, Sweden, na kurudi nyumbani Hagsätra mgongo unawaka moto. Mawazo nayo hayakumpa nafasi. Alikimbia vita kwao Uvira, na mpaka leo hajui kama kaka yake yu hai.

Mwenzake kazini, Noriko, alikuwa na unga wa mitishamba ya Kijapani. Alipewa na daktari wake huko Japani kwa maumivu na msongo wa mawazo. Alimgawia Séraphine. Séraphine akapata nafuu kidogo, akaomba zaidi.

Sasa, kwao Séraphine mtu hanywi dawa ya mizizi peke yake. Ukiificha, wewe mchoyo. Basi Jumapili baada ya ibada aliukoroga unga kwenye chupa ya chai ya akina mama wa kanisani. Colombe, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliupenda kuliko wote, akabeba na pakiti za nyumbani. Na Colombe alikuwa na presha, anameza vidonge vinavyomkojoza sana.

Haukupita muda, miguu ya Colombe ikalegea, moyo ukaenda ovyo. Akalazwa. Daktari alimuuliza kama anatumia dawa nyingine. Akasema hakuna. Mambo ya mizizi nani amwambie daktari, agombezwe bure?

Séraphine aliposikia, aliukumbuka ule unga. Akachukua pakiti, akabisha kwa jirani yake Emérithe, muuguzi kutoka Burundi, akamweleza yaliyompata Colombe na vidonge anavyomeza. Emérithe alionja kidogo tu.

“Humu mna lakrits, dada. Mzizi ule ule wa peremende nyeusi za hapa Sweden. Ukizidi, unapunguza potasiamu, madini yaliyo kwenye damu. Vidonge vya Colombe navyo vinaipunguza. Ikipungua sana, misuli inalegea, moyo unaweza kusimama.”

“Kumbe niliwapa sumu?”

“Si sumu, ni dawa. Noriko alipimwa kwanza. Colombe nani alimpima?”

Tuseme ukweli, Séraphine aliogopa. Kanisani wangemwita mchawi. Lakini alivaa koti, wakaenda hospitali na Emérithe.

Alimweleza daktari yote, Emérithe akitafsiri. Daktari hakumgombeza. Alisema walikuwa wanampa Colombe potasiamu, ila haipandi, na hawakujua kwa nini. Wakainua mto wa Colombe. Pakiti zilikuwa pale, nyingine tupu. Maskini, alikuwa akizinywa kwa siri ili apone haraka.

Colombe alipona polepole. Noriko aliacha kugawa dawa yake. Séraphine alikwenda kliniki, akapewa mazoezi ya mgongo na mtu wa kuzungumza naye. Maumivu yamepungua, hayajaisha. Habari za kaka hakuna.

Siku Colombe aliporudi kanisani na mkongojo, akina mama wawili waliihama meza ya Séraphine. Colombe alibaki. Séraphine akammiminia chai. Colombe hakuigusa, alimtazama tu.

Séraphine akaelewa. Akakichukua kikombe kile, akanywa yeye kwanza. Ndipo Colombe akanyoosha mkono.