Punje Iliyofuata Mkumbo

Kila alfajiri Leonia alijitwika ndoo na kwenda kuchota maji mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mto kwa jina tu. Wakati wa kiangazi ilibidi kufukua mchanga na kusubiri maji yajitokeze taratibu, huku wanawake wamepanga foleni wakipiga soga. Alipofika shuleni, wenzake wa darasa la tano walikuwa wamekwisha kufagia uwanja na kuanza hesabu.

Kijiji chao cha ujamaa, upande wa Lusu, kilikuwa bado kipya. Nyumba zilikuwa zimehamishwa zikapangwa mistari, zikapendeza. Mto haukuhamishwa.

"Mwanangu," mama yake, Benedikta, alimwambia jioni moja, "mimba hii imenilemea, na wewe ndiye miguu yangu. Maji yakiendelea kuwa mbali hivi, itabidi uache shule mpaka nijifungue na kupata nguvu."

Leonia alikwenda nyuma ya nyumba akalia, kwa maana aliipenda shule kuliko kitu chochote.

Wiki ileile mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masolwa, aliita mkutano. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na fundi wa kucheza ngoma. Alieleza kwamba wilaya ingetoa saruji na fundi kwa jambo moja tu mwaka ule, na nguvu kazi ingetoka kwa wanakijiji. Je, waanze na kisima, mashine ya kusaga, au ukumbi wa mikutano na ngoma?

Zikatandazwa nyungo tatu uwanjani. Mmoja uliwekewa kata ya maji, wa pili unga kidogo, wa tatu ngoma ndogo. Kila mtu alipewa punje moja ya mahindi aitie penye haja yake. Wanafunzi wakubwa nao walipewa, kwa kuwa ndio wangefyatua matofali.

Masolwa alitangulia. Alizunguka nyungo zote kwa mikogo, kisha akaitupa punje yake penye ngoma. Watu wakashangilia, vigelegele vikapigwa. Aliyemfuata akatia hapohapo, na wa tatu vilevile, hata penye ngoma pakawa na kichuguu cha mahindi.

Zamu ya Leonia ilipofika, penye kata palikuwa na punje chache mno. Alinyoosha mkono kuelekea huko, lakini rafiki yake Amne akamnong'oneza kwa nyuma, "We! Utatia huko peke yako? Watakucheka!"

Uso ukamwaka moto. Mkono ukageuka wenyewe, na punje yake ikaangukia penye ngoma. Ukumbi ukashinda bila ubishi.

Kesho yake kule mtoni wanawake walikuwa wakinung'unika.

"Mimi nilitaka kisima," alisema mmoja. "Lakini nilipoona ule ungo wa ngoma unafurika, nikasema kisima kimekwisha shindwa. Ya nini kupoteza punje?"

"Hata mimi!" akadakia mwingine.

"Na mimi, jamani!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Leonia hakucheka. Moyo ulimuuma, kwa sababu sasa alijua kwamba wote waliokuwa pale walitaka kitu kilekile alichokitaka yeye.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Modest. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umechelewa tena, Leonia."

Leonia akamsimulia yote aliyoyasikia. Mwalimu akamtazama. "Na wewe je, ulitia wapi?"

Ingekuwa rahisi kusema uongo. "Nilitia penye ngoma, mwalimu. Nilifuata mkumbo. Lakini haja yangu ni kisima, la sivyo nitaacha shule."

"Basi twende ukayaseme hayo kwa mwenyekiti, hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

Walimkuta Masolwa akipima kiwanja cha ukumbi kwa kamba. Leonia alimweleza yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi chini juu ya majani.

"Mjukuu wangu," alisema, "nyumbani kwangu sipati usingizi kwa ajili ya maji. Mke wangu ananisema usiku na mchana. Lakini mimi ni mtu wa ngoma, nikadhani watu wanangoja nichague ngoma. Nikawafuata wao, kumbe wao wananifuata mimi!"

Mkutano ukaitwa upya. Safari hii Mwalimu Modest alipanga mitungi mitatu ndani ya darasa, akaweka mbele yake kata, unga na ngoma kama mwanzo, akatundika kanga mlangoni. Kila mtu aliingia peke yake, na shingo nyembamba za mitungi hazikumwonyesha mtu kilichomo ndani. Leonia alipoingia, hakuwako wa kumcheka wala wa kumshangilia. Aliitia punje yake penye kata, akatoka akiwa mwepesi.

Mitungi ilipopinduliwa mbele ya watu, mahindi ya kisima yalimwagika mpaka yakajaza ungo mzima. Watu wakatazamana, wengine wakiona haya, wengine wakicheka. Kazi ikaanza Jumatatu. Wanaume walichimba, wanawake walisomba mawe, wanafunzi walifyatua matofali, na kabla ya mvua za kwanza maji matamu yalikuwa yakichotwa katikati ya kijiji. Benedikta alijifungua salama mtoto wa kiume, na Leonia hakuacha shule hata siku moja.

Siku ya kukifungua kisima, Masolwa alipanda juu ya jiwe. Alimwita Leonia asimame karibu naye.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Kijiji kizima kilikuwa na kiu, na kijiji kizima kikachagua ngoma. Hakuna aliyetudanganya, ndugu zangu. Kila mmoja alimwangalia jirani yake, akaificha haja yake. Nanyi watoto, sikieni. Ukiulizwa unataka nini, sema lililo moyoni mwako, hata kama uko peke yako. Huenda wote waliokuzunguka wanamngoja wa kwanza kusema."