Vichupa Vilivyoyeyuka na Ukimya wa Ngurumo

Ndugu zangu, nyumba ya mtafiti mmoja majirani waliisifu kwa utulivu. Asubuhi husikii sahani ikigongana wala mtoto akibishana. Mke anamimina chai, binti wa miaka tisa anakunywa kimya, baba anasoma. "Kwake kuna adabu," watu walisema. Laiti wangejua, ule ulikuwa woga mtupu.

Maana bwana huyu alikuwa mkali kupindukia. Kosa dogo tu, anafoka nyumba nzima inasikia. Hata maabarani walimbandika jina la Ngurumo, naye alipolisikia akaona ni sifa.

Kazi yake ilikuwa nzuri, tusimnyime haki yake. Alitumia virusi vilivyoondolewa makali, vikabaki wapagazi tu: vinaingiza ndani ya seli jeni ya binadamu inayotengeneza kimeng'enya fulani, yaani protini inayoharakisha kazi za mwili, kikiwa kimefungwa alama ndogo ili kionekane kwenye hadubini. Virusi hivyo huja vimegandishwa katika vichupa vidogo. Vikiyeyuka na kugandishwa tena, nguvu yake huisha.

Miezi miwili ikapita, seli hazikuonyesha alama yoyote. Ngurumo alilaumu rangi, akalaumu hadubini, akalaumu hata umeme.

"Nani ameniharibia kazi?" alifoka.

"Hakuna, mkuu," alijibu msaidizi wake, mama mtu mzima, macho sakafuni.

Alasiri moja simu ikaita. Alikuwa mkewe, analia. "Njoo hospitali, mtoto hawezi kupumua!"

Alimkuta binti kitandani, barakoa ya oksijeni usoni, mbavu zikipanda na kushuka. Pumu ilimbana, na pampu yake ya dawa haikuonekana. Pumzi iliporudi, daktari alimuuliza mtoto kwa upole pampu iko wapi.

"Ilitumbukia kwenye ndoo wiki iliyopita, ikaharibika. Nikaificha chini ya godoro."

"Kwa nini hukusema, mwanangu?" baba aliuliza.

"Ungenifokea, baba."

Maneno hayo yalimkata maini. Wiki nzima mtoto wake aliona afadhali kubanwa kifua kuliko kumkabili yeye.

Kesho yake alimwita msaidizi, akamvutia kiti. "Keti, mama. Leo sifoki. Vile vichupa vilipatwa na nini?"

Mama wa watu akaanza kulia. "Mzigo ulipofika niliusahau mezani. Niliporudi, vyote vimeyeyuka. Nikavirudisha kwenye friza. Ningekuambia, mkuu, lakini nilishaona ulivyomfanyia mwenzangu aliyevunja chupa."

"Ulikosea," Ngurumo alisema. "Lakini mimi ndiye niliyekufunga mdomo. Tuagize vingine, tuanze upya."

Vikaja, na safari hii alama ilionekana. Lakini furaha yake kubwa aliipata nyumbani, jioni binti alipomjia na vipande mkononi.

"Baba, nimevunja kikombe chako."

Mama mtu alisimama akisubiri ngurumo.

"Ahsante kwa kuniambia," baba alisema. "Lete ufagio, tuzoe wote."

FUNZO

Wazazi na wakubwa wa kazi, ukimya wa woga si adabu. Anayekuogopa atakuficha kosa, na kosa lililofichwa huharibu kazi, tena laweza kuua mtoto. Waelekeze, usiwatishe. Na leo ukifika nyumbani, jiulize: wakisikia hatua zako mlangoni, wanakukimbilia au wanakukimbia?