Felista Alipouchuna

Stendi ya Msamvu, Morogoro, siku ya Jumamosi haina mwenyewe. Wapiga debe wanapigana vikumbo, muuza karanga anakupigia kelele sikioni, mabasi ya Dodoma yananguruma, na usiposhika mkoba wako vizuri, shauri yako. Felista alikuja kupokea boksi la dawa kutoka Dar es Salaam, maana alikuwa muuzaji kwenye duka la dawa kule Mafiga. Basi lilikuwa limechelewa. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri, viatu vya wazi, na nywele kazifunga nyuma kwa haraka. Kwa kuchoka kusimama, akasogea kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza turubai karibu na geti. Macho yakatua kwenye kitabu chenye picha ya ree ya kopa juu ya jalada. Kitabu cha kujifunza poka! Akanyoosha mkono. Mkono mwingine ukafika hapo hapo.

“Samahani dada, hiki nimekiona mimi kwanza.”

“Umekiona, mimi nimekishika.”

“Umeshika jalada. Mimi ndiyo nimeshika kitabu.”

Felista akainua uso. Kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la drafti limekunjwa mikono, buti zimejaa udongo mwekundu. Anatabasamu kama vile wamejuana tangu zamani.

“Mtoto mzuri hivi, poka ya nini?”

“Kwani karata zimeandikwa wanaume tu?”

“Kipo hicho kimoja,” muuza vitabu akaingilia, amechoka nao. “Chukueni wote mkasome pamoja. Mnanizibia wateja.”

Wakacheka. Wakakubaliana kitabu kikae wiki kwa huyu, wiki kwa yule. Kijana akatoa simu.

“Nipe namba basi.”

“Ya nini?”

“Ya kitabu.”

Felista akamwandika kwenye simu yake “Gervas Kitabu”, na jina hilo hakulibadilisha hata pale kitabu kilipokuwa hakitajwi tena.

Sasa, Felista karata hakuanzia stendi. Baba yake, marehemu, alimfundisha arubastini kule kwao Mgeta akiwa hajaanza hata darasa la kwanza. Miezi ile ya baridi, ukungu ukishuka Uluguru mpaka mlangoni, baba na mwana walikaa kando ya jiko wakichapa karata, mama akigomba kwamba mtoto anaharibiwa. Baba alipofariki, Felista aliona uvivu kucheza na mtu mwingine. Ndipo akaigundua poka kwenye simu, anacheza na mashine, na mashine inamfunga kila siku. Ilimuuma. Alitaka ajue vizuri, kama alivyoijua arubastini.

Gervas naye alikuwa mtu wa Tabora, mpima ardhi, aliyeletwa Morogoro na kazi. Wenzake kazini walicheza poka mchana wakisubiri chakula, na yeye ndiye alikuwa kitoweo chao.

Simu ya kwanza ilipigwa jioni ile ile.

“Mambo, mwenye kitabu?”

“Poa. Umeshaanza kukililia?”

“Nalilia sauti tu. Kitabu kipo salama?”

“Nimefika ukurasa wa nne. Kiingereza chake kigumu, Gervas, kama dawa ya minyoo.”

“Basi Jumapili nije tusome wote. Nitaleta na karata.”

Jamani, zile Jumapili! Mpaka leo Felista akizikumbuka anaacha anachofanya. Alikuwa amepanga Kilakala pamoja na Mwaisha, mwenzake wa duka la dawa, nyumba yenye baraza linalotazama mlima. Akitoka misa ya kwanza anamkuta Gervas ameshafika, kanyoosha shati, ananukia sabuni. Mwaisha anakaanga maandazi, chai ya mchaichai inachemka, na Felista anatoa maharage aliyoletewa na mama yake kutoka Mgeta. Maharage ndiyo yalikuwa ya kuwekea dau, kwa sababu kamari Felista hakuitaka kabisa. Mchezo ukiisha, mshindi na mshindwa wanayabandika jikoni na kuyala kwa wali.

Walisoma sura kwa sura, kichwa kwa kichwa, kidole cha mmoja kikifuata mstari na cha mwenzake kikimsahihisha. Walipokwama wakafungua video kwenye simu. Walipochoka na video wakabishana. Kitabu kilisema mchezaji mzuri hachezi karata zake tu, anamcheza mtu: mtazame mikono, mtazame pumzi, na wewe mwenyewe usionyeshe kitu. Sura hiyo ndiyo aliyoipenda Felista. Kila asubuhi alisimama mbele ya kioo cha kabati akijifunza kuuchuna. Anawaza jozi ya ree, uso umetulia. Anawaza amefungwa vibaya, uso umetulia. Mwaisha akawa anamwambia, “Wewe, utakuja kuuchuna mpaka kwenye msiba, watu wakushangae.”

Gervas hilo lilimshinda. Alikuwa mtu wa wazi, furaha yake unaiona tangu getini. Na Felista akagundua jambo ambalo hakumwambia mtu: Gervas akiwa na karata mbovu halafu anapandisha dau kwa vitisho, yaani akipiga mkwara, lazima aishike ndewe ya sikio lake la kushoto na kuifinya. Kila mara. Felista akawa anamla maharage yote.

“Umejuaje tena?” Gervas analalamika. “Wewe mchawi!”

“Kitabu, mpenzi. Rudia sura ya sita.”

Neno “mpenzi” lilitoka siku hiyo kwa utani, likabaki kwa ukweli. Hakuna aliyelitangaza. Walianza tu kushikana mikono wakienda sokoni, na simu ya jioni ikawa ndefu mpaka chaji inakata. Lakini lile neno lenyewe, nakupenda, Felista hakulisema. Alilifunika vizuri, akisubiri mwenzake afunue kwanza. Gervas naye alisubiri, akiutazama ule uso mtulivu, akishindwa kuusoma.

Ikafika Jumapili moja ya Julai, mlima umejifunika wote kwa mawingu. Mwaisha alikuwa amekwenda kwa dada yake. Gervas alikuja bila karata. Akakaa kwenye kiti cha baraza, hakugusa chai.

“Feli, nimepata kazi Tabora. Kampuni ya upimaji. Wananitaka mwezi ujao.”

Na mkono wake ukapanda kwenye sikio la kushoto. Akaifinya ndewe.

Moyo wa Felista ulianguka, halafu akauona ule mkono. Aha! Mkwara! Huyu anataka kuona nitafanya nini. Anataka nilie, nimshike shati, halafu acheke. Thubutu. Akauchuna.

“Hongera,” akasema. “Tabora si nyumbani? Nenda tu.”

“Huna la kusema zaidi ya hapo?”

“Niseme nini? Safari njema.”

Gervas alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyepoteza kitu na anakitafuta mahali alipokiacha. “Haya,” akasema. Akashuka ngazi za baraza taratibu.

Mwaisha aliporudi, Felista alimsimulia huku akicheka. “Ngoja, Jumatano utamwona hapa na maandazi.”

Jumatano Gervas hakuonekana. Wala Jumapili. Mwezi ulipoisha, simu ikaingia ujumbe: “Nimefika Tabora salama.” Felista alikaa kitandani. Akaandika maneno mengi, akayafuta, akatuma moja: “Sawa.” Halafu akavuta shuka kichwani akalia kilio cha kweli, kile cha kwikwi, mpaka Mwaisha akaja kumkalia pembeni.

Vuli ikapita, masika ikaja ikapita. Felista aliendelea kusoma poka, akawa mzuri kweli, mashine ya kwenye simu ikawa haimwezi tena. Lakini haikuwa na raha. Alimfunga nani? Jumapili alitoka misani akanyoosha mpaka nyumbani, akakaa barazani na kikombe kimoja, akisikia sauti ya mtu asiyekuwepo akilalamika kwamba ameliwa. Alimkasirikia Gervas: mtu gani anapiga mkwara mpaka anapanda basi? Na alipoishiwa hasira alimkumbuka tu, harufu yake ya sabuni, buti zake za udongo mlangoni. Kumkumbuka kuliuma kuliko hasira.

Siku moja wanapanga dawa kwenye rafu, Mwaisha akaanza kucheka peke yake.

“Nini?”

“Nimemkumbuka Gervas wako. Ile siku tulipokwenda kwenu Mgeta, komunio ya mtoto wa dada yako. Wewe ulikaa mbele umepakata keki, hukuona kitu. Sisi nyuma huku! Kila gari likikata kona ya kwenye korongo, mwenzio kashika sikio lake analifinya, jasho linamtoka. Mpaka tunafika limevimba. Mpima ardhi mzima anaogopa mlima!”

Felista akabaki na boksi la dawa mkononi.

“Sikio gani?”

“Nitajuaje? Hili la upande wangu. La kushoto.”

“Mwaisha, una hakika alikuwa anaogopa?”

“Ee, sasa alikuwa anapiga mkwara nani? Korongo?”

Felista akakaa chini, pale pale kwenye sakafu, kati ya maboksi. Mama yangu! Kumbe ile haikuwa alama ya uongo. Ilikuwa ya woga. Mezani alifinya sikio kwa sababu anaogopa kushikwa. Na siku ile barazani? Hakuwa anadanganya hata kidogo. Alikuwa anasema kweli na anaogopa. Alimwogopa yeye, Felista, na jibu lake. Na jibu likawa “nenda tu.”

“Nimemfukuza mwenyewe, Mwaisha,” akasema, machozi yanamtiririka bila kuyapangusa. “Kwa mkono wangu.”

“Basi usinililie mimi. Simu unayo.”

Akatoka nje nyuma ya duka, akaipata ile “Gervas Kitabu”, akapiga kabla hajabadili mawazo. Ikaita. Ikaita.

“Haloo? Feli? Kuna nini? Kuna msiba?”

“Hakuna msiba.” Felista akaegemea ukuta. “Gervas, una mtu?”

“Mtu gani?”

“Usinizungushe.”

Kwa mbali zikasikika sauti za watu na nyundo ikigonga. “Sina. Nilijaribu kutafuta, sikuweza.”

“Siku ile ulipokuja kuniambia habari za Tabora, ulikuwa unanipiga mkwara?”

“Mkwara? Feli, kazi ilikuwa ya kweli na nilikuwa sijaikubali. Nilikuja ili ukisema baki, nibaki. Njia nzima nilikuwa naomba useme.”

“Mbona hukuniambia?”

“Mbona wewe hukuniuliza?”

“Nilidhani unanipima! Kitabu kilisema...”

“Kitabu kilikuwa cha karata, Feli. Mimi ni mtu.”

Felista akalia simuni waziwazi, kamasi na kila kitu. Gervas hakumkatiza.

“Sasa niambie unataka nini,” akasema mwisho, kwa upole. “Useme kwa mdomo. Uso wako nilishindwa kuusoma nikiwa mbele yako, sembuse huku Tabora.”

“Nataka urudi. Nakupenda. Nilikupenda tangu Msamvu, nilikupenda siku ile nikikuambia nenda. Nilikuwa nakufa, Gervas, na nilikuwa nimekaa kama sanamu.”

“Rudia.”

“Nakupenda, mjinga wewe.”

Akasikika akivuta pumzi, halafu akicheka kile kicheko chake cha getini. “Kwenu posa inapelekwa kwa nani?”

“Kwa mjomba. Mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba Andrea, Mgeta.”

“Mgeta,” Gervas akasema polepole. “Kwa barabara ile ile?”

“Ile ile.”

“Haya. Nitafumba macho.”

Akaja. Alikuja na baba yake mdogo na mshenga, suti ya kijivu, tai imekazwa, uso umepauka kwa zile kona. Walisema shikamoo kwa wazee wote, wakaketishwa kwenye mikeka sebuleni kwa mjomba Andrea. Gervas akawekwa nyuma ya mshenga, na haruhusiwi kusema neno.

Chumbani, shangazi alikuwa anamfunga Felista kanga na kumpa masharti. “Utaingia kichwa chini. Mjomba atakuuliza kama unawafahamu wageni. Mara ya kwanza nyamaza. Ya pili nyamaza. Usicheke, usiwatazame. Mwari hajibu haraka, wataona tumechoka na wewe. Ukiulizwa tena ndiyo uitikie, kwa sauti ya chini. Umesikia?”

“Nimesikia, shangazi.”

Akaingia, akapiga magoti kwenye mkeka, kichwa chini. Sebule ikatulia. Mjomba akakohoa, akajiweka sawa.

“Felista, mwanangu. Wageni hawa wametoka mbali, wanasema humu ndani wana mtu wao. Sisi hatuwajui. Tunakuuliza wewe, je, unawa...”

Felista akainua macho kidogo tu. Nyuma ya bega la mshenga akamwona Gervas. Mtu wa Tabora, hakuna aliyemweleza kwamba mwari wa huku hunyamaza kwanza. Alikuwa anautazama uso wake kwa macho yale yale ya barazani.

“Ninawafahamu, mjomba!” Felista akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni. “Yule pale nyuma ndiye wangu. Wapokeeni.”

Shangazi akashika mdomo. Mshenga akasahau alichotaka kusema. Jikoni mtu akaanza kigelegele, akanyamazishwa.

“Felista,” mjomba akasema, akijitahidi kuwa mkali na masharubu yanamsaliti, “hata sijamaliza kuuliza. Hukufundishwa kunyamaza?”

“Nilifundishwa, mjomba. Nisamehe. Lakini mara ya mwisho nilinyamaza, akaenda Tabora.”