Jani Ukutani kwa Bi Kazija

Likizo ile Fauzia aliijua kwa mgongo wake. Kila asubuhi, akishafagia uwanja na kunywa uji, alibeba nyundo na tindo ya mama yake, akapanda kilima cha Namihanga. Kibarua kilikuwa cha mama, Bi Esha, lakini kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kumshikia nafasi.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza, kuifanya ndiyo shughuli. Kushoto palikuwa na rundo la mawe yenye alama ya rangi nyekundu. Fauzia alichukua jiwe, akalipasua, akatazama pande zote mbili, kisha akalitupa kwenye rundo la kulia. Alama ile ilionyesha kwamba jiwe limetoka kwenye tabaka lilelile la udongo lililokuwa na mfupa wa paja la dinosaria, mnyama aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, katika kipindi ambacho wataalamu hukiita Kretasia. Dokta Brigita, mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kutoka Dar es Salaam, alitaka kujua jambo moja tu. Mnyama yule alipokuwa hai, mimea inayotoa maua ilikwishaanza kuota hapa, au alizungukwa na mimea isiyotoa maua peke yake, kama kangaga na misonobari?

"Tafuta jani lenye mishipa iliyosukana kama wavu," alimwambia Fauzia. "Kama jani la mkorosho. Tukipata hata moja, ni habari kubwa."

Wiki nzima zilitoka kangaga. Kangaga, vumbi, halafu kangaga tena. Alhamisi mchana viganja vya Fauzia vilikuwa vimechubuka, na jua lilikuwa halina huruma na mtu. Rundo la kushoto lilibaki dogo. Akatazama huku na huku, akayabeba mawe yaliyobaki mazimamazima, akayachanganya na yale yaliyokwisha kupasuliwa.

"Umemaliza yote?" Dokta Brigita aliuliza. Naye alikuwa hoi, sauti imemkauka.

"Yote, dokta. Hamna kitu."

"Haya, mwanangu. Ahsante, na pole sana na kazi."

Pole ile Fauzia alikwenda nayo mpaka nyumbani.

Mawe yaliyokwisha kutazamwa yaliruhusiwa kuchukuliwa na yeyote mwenye shida nayo. Jumamosi majirani waliyabeba kwenda kuitomea nyumba ya Bi Kazija, bibi aliyeishi peke yake na ambaye ukuta wake wa mbele uliangushwa na mvua. Kutwa nzima wakajaza mawe na udongo katikati ya fito, hadi ukuta ukasimama.

Jumapili jioni Fauzia alitumwa kumpelekea Bi Kazija kisamvu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo nitalala ndani kama watu. Kulala jikoni kumenitoa roho kwa moshi."

Fauzia alikuwa akiutazama ukuta. Karibu na mlango, jiwe moja lilikuwa limepasuka lilipogongwa na fundi, na upande wake laini ulitazama nje. Palikuwa na jani. Mishipa yake ilikuwa imesukana kama wavu, na ubavuni pa jiwe ilionekana alama nyekundu.

Fauzia aliligusa lile jani kwa kidole. Kesho Dokta Brigita angeondoka, na ripoti yake ingesema kwamba tabaka lile halikuwa na mmea hata mmoja wa maua. Ingekuwa ni uongo, na mwenye uongo huo ni yeye. Akisema, mama huenda asiitwe tena kazini, na ukuta wa bibi utabomolewa. Akachota udongo mbichi, akalipaka lile jani mpaka likapotea.

Nyumbani aliisogeza sahani yake kando bila kula.

"Una nini wewe?" mama aliuliza huku akijisugua mkono.

Fauzia akamweleza yote, mpaka udongo. Bi Esha aliacha kuusugua mkono. Alikuwa amechoka, ilionekana wazi, na hakuwa hata na nguvu ya kugomba.

"Vaa ndala," alisema. "Twende kwa dokta kabla hajafunga mizigo."

Dokta Brigita aliposikia alikaa juu ya sanduku lake. "Nilishaandika," alisema taratibu. "Nilishaandika kwamba hakuna." Kisha akachukua brashi na dumu la maji, wakaenda wote kwa Bi Kazija.

"Ukuta wangu?" Bi Kazija alishangaa. "Hata haujakauka. Mimi sina mgongo wa kuinua udongo tena."

"Nitaujaza mimi, bibi," Fauzia alisema huku machozi yakimtoka. "Kosa ni langu."

Bibi alimtazama sana. "Haya, bomoeni. Ila mvua ikinikuta nje, nahamia kwenu."

Wakalitoa lile jiwe taratibu, na baada yake mengine yote yenye alama nyekundu ambayo hayakuwa yamepasuliwa. Dokta alilisafisha jani kwa brashi, akaliinua kwenye mwanga uliobaki. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka.

"Safari naiahirisha, ripoti naiandika upya," alisema. Akamgeukia Fauzia. "Sikiliza, mwanangu. Kuchoka si kosa. Hata mimi nimechoka, nami nilikosea kutokukuuliza hali yako. Kosa ni kusema umetazama wakati hukutazama, kwa sababu mimi sikuwa na macho mengine ila yako. Ungesema umechoka, tungepumzika. Mawe haya yamesubiri miaka yote hiyo, yasingeshindwa kusubiri kesho."

Bi Esha akaongeza, "Na kazi tutaimaliza wote wawili. Mkono mmoja ninao."

Siku iliyofuata Fauzia aliyapasua mawe yaliyobaki, kisha akaanza kuchota maji na kukanyaga udongo. Jua lilipopinda, tundu karibu na mlango lilikuwa bado wazi.

"Umemaliza?" Bi Kazija aliuliza kutoka ndani.

Fauzia alilitazama lile tundu, akaitazama mikono yake.

"Bado, bibi. Nimechoka."

"Basi kaa," alisema bibi, akimsogezea sahani ya muhogo. "Utamalizia kesho."