Ziwa Halikuhama

Kazi yetu ni matofali. Mume wangu anachimba udongo. Mimi naukanyaga kwa maji mpaka ulainike, kisha nafyatua. Binti zetu pacha wanachambua konokono. Usicheke! Udongo wa karibu na ziwa umejaa maganda ya konokono. Ganda likibaki ndani ya tofali, tofali hupasuka baada ya kuchomwa. Basi tuliyatoa, tukayatupa, tukayalaani. Hakuna aliyejiuliza yalifikaje pale.

Mama yangu aliniachia kiwanja kule kilimani. Kilikuwa na mawe mengi, lakini kilikuwa changu. Mume wangu hakukipenda. Alisema kupandisha maji kule ni mateso. Jicho lake lilikuwa kwenye ardhi ya chini, iliyobaki wazi ziwa lilipopungua. Ardhi tambarare, udongo mweusi, maji jirani.

"Ziwa limehama, Mama Pacha," aliniambia. "Tuuze kiwanja chako, tujenge huku chini. Au unataka tuzeeke kwenye nyumba ya kupanga?"

"Siuzi. Ni cha mama yangu."

"Mama yako amekufa. Watoto wako wako hai."

Haya, maneno hayo yaliniuma. Nikarudi kukanyaga udongo wangu.

Kwenye nyumba hiyo ya kupanga, chumba cha pili alikaa mwanamke mtafiti. Kazi yake ilikuwa kuchunguza tope la ziwa. Kila jioni alirudi amechafuka mpaka kwenye nyusi, tukambandika jina Mama Matope. Siku moja nilimkuta uani anaosha mabomba ya plastiki.

"Shoga," nikamtania, "wenzako wanavua samaki, wewe unavua tope?"

Alicheka, akanivuta chumbani kwake. Juu ya meza kulikuwa na bomba lililopasuliwa kwa urefu. Ndani yake tope lilikuwa limelala tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka lilikuwa na rangi yake.

"Tunalididimiza bomba kwenye sakafu ya ziwa, tunalitoa na tope lake," alisema. "Mito huleta mchanga, upepo huleta vumbi, majani huanguka. Vyote huzama na kulaliana. Tope la chini ni la zamani, la juu ni la juzi."

"Na hili jeupe?"

"Hapo mvua ziliadimika. Maji yalikauka, chumvi ikabaki."

"Na hili jeusi, laini hivi?"

"Hapo maji yalikuwa mengi. Tope laini hutulia kwenye kina kirefu. Tunachukua vipande vya majani vilivyozikwa humo, tunavipeleka maabara kupimwa umri. Hivyo tunajua ni zamani kiasi gani."

Nikainama zaidi. "Ala! Hawa konokono nawajua. Ndio adui zangu!"

"Hao huishi kwenye maji ya pembeni, yasiyo na kina. Wewe unawapata wapi?"

"Kwenye shimo letu la udongo."

Uso wake ukabadilika. "Nipeleke," akasema.

Njiani nikamweleza kwamba mume wangu anataka tujenge karibu na shimo hilo. Tulimkuta shimoni, jasho linamtoka. Mama Matope aligusa ukuta wa shimo. Juu kulikuwa na mchanga wenye maganda. Chini yake tope jeusi. Chini zaidi mstari mweupe, kisha maganda tena.

"Shemeji, usijenge hapa," alisema. "Ziwa lilifika hapa, likaondoka, likarudi. Si mara moja."

"Litarudi mwaka gani?" mume wangu akauliza.

"Mwaka siwezi kukutajia. Tope linaonyesha lilivyofanya zamani. Halisemi tarehe ya kesho."

"Basi kama hujui mwaka, hujui kitu! Ziwa limehama."

"Anayehama hubeba vyombo vyake," Mama Matope akajibu. "Hili limeacha konokono wake, limeacha tope lake. Limesafiri tu, shemeji. Msafiri hurudi kwake."

Mume wangu alicheka mpaka akaegemea jembe. Mimi sikucheka.

Kesho yake wakaja wakwe. Kaka yake mkubwa akaniita mke mbishi. Mama mkwe akalia kwamba nawanyima wajukuu zake nyumba. Wote wakanikalia kooni. Nikachoka, nikakubali. Kiwanja cha mama yangu akakinunua fundi cherehani.

Sitasema uongo, nyumba tuliyojenga kule chini ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mlango wa kijani na madirisha mapana. Pacha walipata chumba chao, wakaruka kitandani kwa furaha. Hata mimi nilijisahau, nikapanda maua.

Kisha zikaja mvua kubwa, msimu baada ya msimu. Maji hayakuja kwa kishindo. Kwanza yalipanda ndani ya shimo, kutoka chini. Kisha sakafu ikawa na unyevu. Kisha tukaamka magodoro yameloa. Mwishoni tulitoka na masufuria kichwani, maji yakiwa mapajani. Mume wangu alirudi kufunga mlango wa kijani kwa ufunguo. Sijui alikuwa anamfungia nani.

Shemeji mkubwa alikuja kutupa pole. "Ndiyo dunia," akasema. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya hayakumwagika," nikamwambia. "Yamerudi kwao. Sisi ndio tuliovamia."

Siku hizi hapa kwetu hakuna anayejenga kabla ya kuchimba shimo la majaribio. Ukuta wa shimo ukionyesha tope la ziwa na konokono, watu wanapanda juu. Mama Matope alitufundisha kuusoma, na mwenye shaka humwita. Majirani wengi wameokoa nyumba zao. Mume wangu naye anawaelekeza wengine, "Ziwa husafiri, jamani, halihami." Ukimsikia utadhani alizaliwa akijua hilo.

Tumerudi kupanga chumba kimoja, na bado nafyatua matofali. Fundi cherehani anaongeza vyumba kule kilimani, na sisi ndio tunaomuuzia tofali. Kwake ni pakavu hata mvua inyeshe vipi. Mke wake ni mtu mwema, hunikaribisha vizuri. Lakini nikifika na mzigo wangu lazima nipige hodi. Kwenye ardhi ya mama yangu, napiga hodi na kusubiri nje.